Jumamosi za Kumtafuta Mjomba

Juzi kijana mmoja wa ofisini kwetu alituma ujumbe kwenye grupu: Jumamosi ijayo tunaenda kutembea ndani ya kreta ya Menengai, atakayekuja athibitishe. Chini yake akaweka ramani ya simu, mstari wa buluu ukipinda kutoka ukingoni mpaka chini kabisa. Nilimwuliza kama kati yao kuna mtu anayeijua njia. Akacheka.

"Madam, siku hizi hakuna kupotea. Unafuata tu simu."

Nilimwambia nina shughuli ya kifamilia siku hiyo. Kisha nikasimama dirishani, mahali ambapo ukiinua macho juu ya mabati ya mji unauona mgongo wa Menengai, mlima wa volkeno uliozama katikati, na nikakaa hapo hadi chai yangu ikapoa. Yeye sikumweleza. Nitakueleza wewe.

Kwetu ramani ilikuwa ya karatasi, na ilikuwa mali ya Mjomba. Alikuwa ndugu mdogo wa Mama, kitinda mimba wa Shosho, nyanya yetu wa Kabazi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia hapa Nakuru na alilala katika chumba cha nje, nyuma ya jikoni yetu. Alikuwa skauti alipokuwa shuleni, na mambo ya skauti hayakuwahi kumtoka. Wenzake kiwandani walipumzika kwa kulala au kwa kunywa. Yeye alipumzika kwa kutembea porini, na hakutembea kabla ya kupanga.

Kupanga kulifanyika Ijumaa jioni. Mama alipangusa meza, na Mjomba akangoja mbao zikauke kabisa ndipo aitandaze ramani, pembe hii akiikandamiza kwa mkebe wa sukari, ile kwa kikombe. Ilikuwa karatasi kubwa kuliko meza yenyewe, imechakaa kwenye mikunjo, na ilinuka mafuta ya kiwandani kwa sababu ya vidole vyake. Dada yangu alishika penseli. Mimi nilishika uzi. Mama alikuwa fundi wa cherehani, akishona sare za shule sokoni, kwa hiyo uzi haukukosekana nyumbani. Nililaza uzi juu ya njia, kona kwa kona, nikiushikilia kwa kidole chenye mate, kisha tukaunyoosha kwenye kipimo kilichochorwa chini ya ramani, na Mjomba akatangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "Mwendo wa asubuhi nzima! Mayai yachemshwe!"

Alitufundisha kwamba buluu ni maji na kijani ni msitu, na kwamba ile mistari ya kahawia, iliyojaa ukurasa kama alama za vidole, ndiyo milima. Mistari ikiachana, ardhi imelala. "Ikisongamana hivi," alisema, "hapo magoti yatalia." Alipomaliza alichora njia yetu kwa penseli, polepole, na akatwambia kwamba mtu anayeenda porini huacha mstari wake nyumbani, ili wanaobaki wajue pa kuanzia.

Tulishuka ukingo wa Subukia tukitoka kwa Shosho, miguu ikiteleza kwenye nyasi zenye umande. Tulilala Kamere, kando ya ziwa, kwa rafiki yake mvuvi, tukawasikia viboko wakikoroma karibu na ukuta wa mabati. Lakini mara nyingi tulienda Menengai, kwa sababu ilikuwa karibu na haikuwa na kiingilio tulichokijua sisi. Tulibeba nduma zilizochemshwa, chapati zilizokunjwa na ndengu ndani, chumvi kwenye kipande cha gazeti. Chini kule mawe ni meusi, makali, yamemwagika na kuganda kama uji uliofurika sufuria. Mvuke hutoka ardhini hapa na pale bila mtu kuwasha moto. Vichaka vya leleshwa, ukiyavunja majani yake, vinanuka dawa. Mama hakuja hata siku moja. Alisema miguu yake ni ya kukanyaga cherehani.

Likizo moja ya Agosti mimi na Dada tulipelekwa Kabazi kumsaidia Shosho kuvuna maharagwe. Jumamosi hiyo Mjomba alienda Menengai peke yake. Alimwambia Mama atarudi kabla ya giza kwa kuwa kesho yake alikuwa na zamu. Alivaa koti lake la mvua na buti za kiwandani, akabeba chai. Ramani aliiacha mezani, imetandazwa, na mstari wa penseli juu yake.

Hakurudi.

Tuliletwa nyumbani katikati ya wiki. Ua ulijaa watu: polisi, majirani, vijana wa kanisa, wenzake wa kiwandani wenye ovaroli zao. Waliufuata mstari wa penseli kutoka mwanzo hadi mwisho, wakaufuata tena wakitokea upande wa pili, wakiita jina lake. Jioni walirudi na midomo iliyokauka, na Mama akawapa chai, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Baada ya muda wakaanza kuja wachache. Kisha hawakuja.

Maneno ndiyo yaliyobaki. Unajua watu walivyoiogopa Menengai wakati ule. Walisema kuna mashetani wanaolima shamba huko chini na kumficha anayewaona. Wengine walisema ni majambazi. Jirani yetu mmoja aliyekuja kuazima pasi alisimama mlangoni akasema, "Mama, labda ana bibi mahali. Wanaume ni hao." Mama alimpa pasi, akafunga mlango, akaketi sakafuni. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiketi sakafuni namna ile.

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula, Mama alipangusa meza. Akangoja ikauke. Akaitandaza ramani, akasema, "Nifundisheni."

Basi tukamfundisha, watoto wawili wa shule ya msingi. Hakutusumbua. Alikuwa amezoea kutazama kitambaa bapa na kuona mwili wa mtu ndani yake, mabega na kiuno, na kwa hiyo haikumchukua muda kutazama ile mistari ya kahawia na kuona korongo. Alisema wale waliomtafuta walitazama mstari tu. "Ameuacha mstari mahali. Tutaangalia kulia kwake, halafu kushoto." Akagawanya kreta kwa rula na penseli, vipande vidogo, kama anayepanga kukata sare nyingi kutoka kwa jora moja. Akanunua raba za mtumba sokoni. Jumamosi alfajiri tukaondoka, sisi watatu.

Hivyo ndivyo utoto wangu ulivyokwenda kwa miaka kadhaa. Siyo kila Jumamosi. Mvua ilituzuia, sare za Januari zilimzuia yeye, mitihani ilituzuia sisi. Lakini zilikuwa nyingi. Tulitembea tukiwa tumeachana kidogo, Dada kulia, Mama katikati, mimi kushoto, tukichungulia kila ufa wa mawe. Mawe yale yana nyufa za kummeza mtu mzima, nyingine zimefunikwa na majani usizione. Mama alikuwa na ufito mrefu wa kupapasia mbele. Adhuhuri tulikaa kivulini, akatugawia viazi vitamu na mayai, na jioni nyumbani akakitia penseli kile kipande tulichomaliza, kikawa kijivu.

Na nitasema hili kwa kuwa nakuandikia wewe: nilikuwa na furaha. Mama wa siku za kazi alikuwa mtu aliyeinama juu ya mashine na pini midomoni. Mama wa Menengai alizungumza. Alituambia jinsi Mjomba alivyozaliwa usiku wa mvua ya mawe, jinsi alivyomfunza kutembea kwa kumshikisha mkia wa mbuzi. Wakati mwingine aliimba. Mimi nilijua tunatafuta mifupa, na bado nilisubiri Jumamosi kama wengine walivyoisubiri Krismasi.

Baba hakuipenda shughuli hiyo. Alikuwa dereva wa lori la nafaka na mara nyingi hakuwa nyumbani. Siku aliyokuwapo aliikuta ramani mezani, akatazama kijivu kilivyoenea.

"Mama watoto, mpaka lini?"

"Mpaka nimpate."

"Na usipompata?"

Mama aliendelea kukata chapati za safari. Baba akatoka nje akawasha injini ya lori, akaizima, akabaki ndani ya kabini hadi tulipokwenda kulala.

Dada ndiye aliyeona. Ilikuwa msimu wa jua, majani yamekauka na nyufa zimeachama. Alisimama tu na mkono ukiwa juu, kama tulivyofundishwa. Ndani ya ufa usio na kina kirefu palikuwa na kitambaa cha rangi ya maziwa yaliyochafuka, na chini ya kitambaa mifupa.

Mama alitusukuma nyuma, akapiga magoti ukingoni. Niliona mgongo wake ukipanda na kushuka. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si yeye."

Ilikuwa sweta ya kufuma kwa mkono, kofia ya pamba, na fimbo ya mzee, iliyolainishwa kwa kushikwa. Mjomba hakuwa na fimbo. Hakuwa mzee.

Nilidhani tutaondoka. Mama alifungua leso yake kiunoni, akashuka ndani ya ufa, akamfunika yule mtu, akaweka mawe pembeni ili upepo usiifunue. "Hatuwezi kumwacha hivi," alisema. Akatoa ramani, akatia alama ya msalaba mahali pale.

Kituoni askari wa zamu alimsikiliza huku akiandika. Alimjua, walijuana wote kwa sababu ya Mjomba.

"Kwa hivyo siye mtu wenu."

"Si wetu."

"Sasa mama, wewe unalia nini?"

"Ni wa mtu," Mama akasema.

Kesho yake aliwaongoza polisi mpaka kwenye ule msalaba. Tangazo likasomwa redioni mara kadhaa, sweta ya rangi gani, fimbo ya namna gani. Wiki zikapita. Kisha siku moja akaja mwanamke mzee kutoka Olenguruone, pamoja na mwanawe wa kiume. Walipitia kwanza kituoni, na kutoka huko wakaelekezwa kwetu. Aliketi kwenye kochi letu akiwa na ile sweta ndani ya mfuko wa plastiki mapajani.

"Niliifuma mimi," alisema. "Hapa kwa mkono uzi uliniishia, nikamalizia na mwingine. Angalia." Mama akaangalia kwa jicho la fundi. Rangi zilifanana, lakini si sawasawa.

Alitueleza bila kutoa machozi. Mume wake alikuwa amechanganyikiwa kwa uzee, akisahau hata majina ya watoto. Alikuwa amemleta hospitali Nakuru. Wakati wa kurudi alimkalisha kwenye benchi penye magari ya Olenguruone, akaenda kumnunulia ndizi. Aliporudi na ndizi, benchi ilikuwa tupu. Walimtafuta mjini, kando ya ziwa, Njoro, kila mahali. Hawakufikiria mlima. "Mguu wake ulikuwa mbaya," alisema. "Nani angedhani atapanda?"

Tulialikwa kwenye mazishi. Kule Olenguruone ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai hata saa za mchana, na baridi ilipenya sweta zetu. Walituketisha mbele, pamoja na wenye msiba, tukapewa maziwa ya kibuyu na viazi vya moto. Sanduku lilikuwa jepesi. Vijana walilibeba kana kwamba wanaogopa lisije likapeperuka. Ilipofika zamu ya kutupa udongo, yule mwanamke mzee alimshika Mama mkono, wakasogea kaburini pamoja.

"Leo lia na wako pia," alimwambia.

Na Mama akalia. Miaka yote hiyo alikuwa amelia kidogo kidogo, akijificha nyuma ya mlio wa cherehani. Pale alilia kwa sauti iliyonitisha, akiita jina la ndugu yake juu ya kaburi la mtu asiyemjua, na hakuna mwombolezaji aliyemnyamazisha. Dada alinifunika masikio kwa mikono yake. Nilisikia hata hivyo.

Ungedhani ingetosha. Mimi nilidhani hivyo, na nikahuzunika kuwa Jumamosi zetu zimekwisha. Lakini Ijumaa iliyofuata meza ilipanguswa. Sasa alikuwa na hakika: kama mzee yule alipatikana, na ndugu yake atapatikana.

Mara ya mwisho tulikuwa wawili tu, kwa sababu Dada alikuwa amekwenda shule ya bweni. Mvua ilikuja kabla ya wakati wake. Kwanza mvuke na ukungu vikachanganyika, ukuta wa kreta ukapotea, kisha maji. Hakukuwa na pa kujikinga. Mama aliitandaza ramani juu ya goti ili atafute njia ya kutoka, nami nikanyoosha sweta yangu juu yake kama paa, lakini maji yalipita. Karatasi ikalegea kama chapati iliyolowa kwenye chai. Ikaachana kwenye mikunjo. Alijaribu kuunganisha vipande, hiki na hiki, na kila alichogusa kikabaki kidoleni. Penseli yote ilikuwa imekwisha kutoka. Aliviangalia, akaangalia nilivyokuwa nikitetemeka, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa.

"Tuite," akasema.

Tukaita. Hatukuita jina la Mjomba. Tuliita, "Tusaidieni!" Tuliita hadi koo zikauma. Waliotujibu walikuwa wachoma makaa, wanaume wawili waliojificha mvua chini ya karatasi ya nailoni. Walifuata sauti zetu, wakanibeba mgongoni, wakatupandisha mpaka ukingoni wakati mwanga ukiisha.

Shosho alikuwa akitungoja mlangoni. Alikuwa amekuja kutoka Kabazi mchana huo na mbaazi zake, akakuta nyumba imefungwa na mbingu nyeusi. Hakumgombeza Mama. Alinivua nguo, akanisugua kwa taulo mpaka ngozi ikawaka, akanilaza. Kisha akamgeukia.

"Mwanangu nilimzaa mimi," alisema. "Kama kuna mtu wa kumtafuta, ni mimi. Nimemwachia Mungu. Wewe una watoto. Ukiniachia mwingine huko chini, nitamtafuta na nini?"

Mama hakushuka tena kutafuta. Shosho akafariki baadaye, na huko Kabazi tulimzika peke yake, pembeni pakiwa na nafasi ambayo hakuna aliyeitaja.

Miaka ikapita, tukawa watu wazima. Halafu barabara ikaingia ndani ya Menengai, ya kupitisha mashine za kuchimba mvuke wa kuzalisha umeme. Mahali tulipotembea tukipapasa kwa fito pakapita malori. Mama alikuwa mzee sasa, na magoti yake yalilia hata kwenye ngazi za kanisa, lakini alipanda bodaboda siku moja bila kutuambia, akaenda kumtafuta msimamizi wa vijana wanaofyeka. Alimwambia, "Mkipata mtu, nipigieni." Yule bwana alikuwa mwungwana, aliandika namba yake kwenye simu mbele yake. Tangu hapo Mama hakukubali simu yake izimike. Stima zikipotea aliwatuma majirani kuichaji kwa duka la mwenye jenereta. Ilikaa karibu na mto wake wakati wa usiku, na ikilia alijibu kabla ya mlio wa pili.

Ilipigwa na watu wa kanisa, na mimi, na Dada, na watu waliokosea namba. Mama alituacha mwaka juzi.

Menengai niliyoijua haipo. Leleshwa zimefyekwa kandokando ya mabomba, mvuke unanguruma hata ukiwa ukingoni, na vijana wanashuka kupiga picha na kupanda wakicheka. Sina kinyongo nao. Ramani ile hainisikitishi sana, ilikuwa karatasi. Ninachokosa ni meza ile ya Ijumaa, vichwa vyetu vitatu vikigongana juu yake, na Mjomba akiuliza nani yuko tayari. Hakuna aliyebaki wa kukumbuka hayo ila mimi na Dada, na Dada hataki kuyazungumza.

Laini ya Mama bado naiwekea pesa kidogo kila baada ya muda, isije ikafungwa na kupewa mtu mwingine. Simu yake ndogo iko jikoni kwangu, juu ya friji, imechomekwa kwenye chaji. Watoto wangu wanajua hawaruhusiwi kuichomoa. Wakiniuliza ni kwa nini, nawaambia kuna mtu anaweza kupiga.